Kibagenge cha Asainmenti

Majani ya chai yana wivu. Ukiyaacha kidogo ukashughulika na mambo mengine, yanakasirika na kuwa magumu kama kamba ya ng'ombe. Na msimu ambao Tecla alikuwa anamalizia digrii yake ya biashara, majani yote ya Konoin yaliamua kuota kwa pamoja. Mvua usiku, jua mchana, bila kupumzika. Watu wa huko wanaapa hadi leo kwamba ukiinua kichwa kumsalimia jirani, kichaka ulichokwisha kukichuna nyuma yako kilikuwa kimeshatoa vidole vingine, na kinakuangalia kama mtoto anayetaka kuongezewa uji.

Tecla alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani karibu na Mogogosiek. Alipima majani ya wenzake mchana, akachuna yake asubuhi, akakamua ng'ombe kabla na baada, na Jumamosi akaenda chuoni Kapkatet. Majirani waliita masomo yake "digrii ya Jumamosi", kana kwamba siku zingine digrii yenyewe ilikuwa inalala. Wangejua! Mwanafunzi wa muda wote anasoma, basi. Mwanafunzi wa nusu ya muda anasoma, anapima, anakamua, anapika, na asainmenti anayopewa ni ile ile, haikatwi nusu. Kwa miaka sita Tecla alisoma vitabu huku akisonga ugali, na kuna ukurasa mmoja wa kitabu cha uhasibu ambao hadi leo ukiuchemsha unapata chakula cha mtu mmoja.

Sasa ilibaki yuniti moja tu. Mwalimu wake alikuwa Daktari Kepher, mtu mkali asiye na roho mbaya. Alitoa swali moja la alama thelathini: eleza jinsi biashara ndogo ya eneo lako inavyoweza kugawanya kazi katika msimu ambao kazi yote inakuja kwa wakati mmoja.

"Mwandike kwa mkono," aliwaambia darasani. "Siku hizi kompyuta zinaandika hata juu ya chakula ambacho hazijawahi kuonja. Nataka kuona mkono wa mtu. Mkono wa mtu mwingine ni sifuri, na mwenye sifuri haketi mtihani. Hakuna mtihani, hakuna digrii."

Tecla alilisoma swali akacheka. Kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe ndiye yuko ndani ya huo msimu, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Jumapili, baada ya ibada, Mzee Johana alimsimamisha nje ya kanisa. Mzee Johana alikuwa mwenyekiti wa kibagenge chao, na alikuwa mtu wa kusema mambo kwa sauti ambayo ng'ombe wa ng'ambo ya bonde waligeuka kuisikiliza.

"Mama Fancy! Umekonda. Mumeo Kiptum amekwenda kufanya kazi Naivasha akabeba na chakula chako?"

"Si chakula, mzee. Ni asainmenti. Ni nzito kuliko gunia la majani yaliyonyeshewa."

Tecla alisema hivyo kama mtu anavyosema mgongo unauma. Lakini Mzee Johana aliyaweka maneno yale moyoni kama mbegu.

Kibagenge, kwa asiyejua, ni majirani wanaokwenda pamoja kufanya kazi ya nyumba moja, kisha nyumba nyingine, kwa zamu. Leo kwako, kesho kwangu. Mwenye nyumba anapika, wageni wanafanya kazi, wanakula, wanaomba, wanarudi kwao. Sheria yake ni moja, nayo haijaandikwa popote kwa sababu kila mtu ameinyonya na maziwa: chakula cha kibagenge hakiliwi bure. Inasemekana kuna mzee mmoja wa Roret aliyekula bila kushika kazi, na tangu siku hiyo ng'ombe wake akawa anatoa maji ya kunawa mikono, ya uvuguvugu.

Alhamisi ilikuwa zamu ya nyumba ya Tecla. Tecla aliona majani yanataka kumshinda, akaamka na mama mkwe wake, Kogo Chepkemboi, wakayachuna yote Jumanne na Jumatano alfajiri kabla ya kazi. Walimaliza shamba. Walichosahau ni kuwaambia majirani wasije. Kogo hakusahau hata hivyo kupika, kwa sababu Kogo hajawahi kusahau kupika.

Basi Alhamisi, Tecla akiwa kituoni, watu kumi na mmoja waliingia boma lake wakiwa na vikapu mgongoni na aproni za plastiki. Walitazama shamba. Lilikuwa limenyolewa kama kichwa cha mtoto wa shule.

"Kogo, kazi iko wapi?" Mzee Johana aliuliza.

"Aa. Tulichuna."

"Kuni?"

"Zimepasuliwa."

"Boma la ng'ombe?"

"Ng'ombe mwenyewe anateleza kwa usafi."

Kutoka jikoni ilikuja harufu ya kuku na ugali wa wimbi, na mursik, maziwa yaliyogandishwa, ilikuwa tayari kwenye kibuyu. Hakuna aliyethubutu kukaa. Gibson, fundi seremala mwenye tumbo la kuaminika, alimeza mate, wenzake wakasikia.

"Haiwezekani nyumba ikose kazi kabisa," alisema Mzee Johana. "Kogo, fikiria. Ni nini kinamsumbua huyu mtoto wetu?"

Kogo akaonyesha meza kwa mdomo. Pale mezani palikuwa na karatasi nyeupe, kalamu, na swali la Daktari Kepher.

"Hiyo. Hiyo ndiyo inamkondesha."

Mzee Johana alivaa miwani. Alisoma swali mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti, na mara ya tatu alipiga meza. "Jameni! Hii si ni habari ya chai? Anaulizwa jinsi ya kugawanya kazi ikiwa nyingi! Nani hajui hiyo hapa? Kibagenge, wekeni vikapu chini."

Tecla alikuwa ameshaandika kurasa mbili. Mzee Johana alizisoma akazitia pembeni kwa heshima, kama mtu anavyotia pembeni kiberiti kilicholowa. Kisha akagawa kazi kama wanavyogawa shamba: kila mtu laini yake, anza hapa, ishia pale, usiingie laini ya mwenzako. Wenye miwani waliazimana. Aliyemaliza aliinuka, anayefuata akakaa. Kogo hakujua kuandika, lakini alikataa kuachwa nje ya kazi ya nyumbani kwake mwenyewe, basi akapaka kidole gumba masizi ya sufuria na kukigandamiza chini ya ukurasa wa mwisho. Walikula wakiwa na dhamiri safi kabisa.

Walipokuwa wakinawa, Wilkista akapita. Wilkista alikuwa mtu wa Homa Bay, mfanyakazi wa kiwanda cha chai na mwanadarasa mwenzake Tecla. Alikuwa anakwenda Kapkatet kulala kwa dada yake, ili asubuhi apeleke asainmenti yake kabla ya saa sita, ambayo ndiyo ilikuwa mwisho.

"Tecla amemaliza yake nimpelekee?" aliuliza.

"Imemalizwa," alisema Mzee Johana, na kwa kweli hakudanganya. Alimpa bahasha, imefungwa kwa ugali kwa kuwa gundi haikuwepo.

Jioni Tecla alirudi, miguu mizito, akijiambia atakunywa chai ya rangi kali aketi amalize. Alikuta meza tupu na Kogo akitabasamu.

"Kogo, karatasi zangu ziko wapi?"

"Zimekwenda."

"Zimekwenda wapi?"

"Kapkatet! Kibagenge kimefanya. Yote. Mtoto wangu, leo ulale."

Tecla aliketi. Alitaka kupiga kelele, lakini alimwona mama mkwe wake jinsi alivyosimama, mikono imeshikana mbele ya aproni, akingoja kushukuriwa. Akasema, "Kongoi, Kogo," kwa sauti ndogo, akatoka nje kumpigia Wilkista. Simu ya Wilkista ilikuwa na betri ya kuishi kama njiti ya kiberiti. Haikupatikana. Ilipopatikana, ilikuwa Ijumaa saa nne na Wilkista alikuwa na furaha. "Nimepeana, dada, usijali! Hata Daktari amesema bahasha yako inanukia vizuri."

Habari zilifika kwa Mzee Johana, naye akaja Ijumaa jioni, mara hii bila sauti. Alikaa kwenye stuli akizungusha kofia.

"Tumeharibu?"

"Mzee, ni kazi ya mkono wa mtu mmoja. Wakiona mikono mingi, ni sifuri. Nikipata sifuri sikai mtihani, na hii ndiyo ilikuwa yuniti ya mwisho. Miaka sita inakwama hapo."

Mzee alifikiri. Kufikiri kwake hakukuwa kwa kawaida. Nyusi zake zilipanda na kushuka kama mtu anayepandisha maji kisimani. "Basi tumwambie nyuki walikuuma mkono wa kulia. Ukawa unasema, sisi tunaandika. Mimi nitaleta nyuki. Wako wa jirani yetu Clifford, wanatii."

Tecla alicheka licha ya machozi. "Na ule wa kushoto?"

"Nyoka."

"Hapana, mzee. Nikidanganya nikapita, nitakuwa nimepita kwa nyuki. Nitamwambia ukweli, kama ni sifuri iwe sifuri yangu."

Jumamosi alikuwa mlangoni kwa Daktari Kepher kabla darasa halijaanza. Karatasi zilikuwa wazi mezani. Daktari hakumkaribisha kiti kwanza, alisoma.

"'Mwaka ule wa mvua kubwa, majani yaliota kwa kelele mpaka watu hawalali. Nilichuna kwa mikono miwili na meno.' Huyu ni nani?"

"Mzee Johana."

"'Kugawanya kazi ni rahisi ikiwa wanaume hawakai tu kwenye duka wakingoja habari za saa saba.' Huyu?"

"Ni mke wake."

"'Mimi kama Gibson naomba pia tuombee goti langu.'" Daktari alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Na mwisho: 'Tunakusalimu Daktari pamoja na watu wa nyumbani kwako. Ukipita huku, karibu mursik.' Kisha kidole. Tecla, miaka yangu yote ya kufundisha nimeona watu wakinakili. Sijawahi kuona wezi wakiandika majina yao na kumwalika mwalimu nyumbani."

Tecla alisimulia yote: kuchuna mapema, kusahau kuwaambia, chakula, meza. Hakujitetea. "Hawakujua, Daktari. Mimi ndiye sikusema kitu. Nilisema tu ni nzito."

Hapo mlango uligongwa, na kabla hajajibiwa akaingia Mzee Johana amevaa koti la harusi yake, na Kogo nyuma yake na kibuyu. Wengine walibaki nje, kwa sababu ofisi ile ingewatosha kwa kukaliana magotini tu.

"Chamgei, Daktari. Sisi ndio wezi," alisema Mzee Johana.

"Karibuni, mzee. Nimekusoma. Meno yako yako salama?"

"Yalipona. Daktari, mpe mtoto alama zake. Sifuri tugawie sisi."

"Sifuri haigawanyiki, mzee. Karatasi hii ni sifuri na itabaki sifuri, sina la kubadilisha. Mkimpikia mgonjwa mnafanya vizuri, lakini dawa hammezi kwa niaba yake."

Mzee Johana alifungua mdomo kubishana, lakini Kogo alimshika koti. Alikuwa amemsikiliza Daktari kwa kuinamisha kichwa.

"Kumbe ni kama kuzaa," alisema Kogo. "Majirani wanachota maji, wanapika uji, wanashika mgongo. Lakini kusukuma ni mwenyewe."

"Ni hivyo hasa, mama."

"Johana, sisi tulisukuma."

"Tulisukuma," alikubali Mzee Johana kwa huzuni kubwa.

Daktari alitazama nje ya dirisha, ambako Gibson alikuwa anasafisha viatu vyake kwa nyasi za chuo. Kisha akamgeukia Tecla. "Kanuni inaniruhusu jambo moja kwa mtu aliyekuja mwenyewe kusema kabla hajaitwa. Ijumaa ijayo utakuja ujibu swali hili hili kwa mdomo, mbele yangu, bila karatasi. Ukijibu vizuri utapata alama kumi na tano, hata ukijibu kama malaika hazizidi hapo. Kumi na tano inakufikisha mtihani. Ukishindwa, basi tumeagana."

"Asante, Daktari."

"Usinishukuru. Nitakuuliza maswali magumu."

Wiki iliyofuata kibagenge kilifanya kazi kama hakijawahi kufanya. Mzee Johana alichukua zamu ya majani, na alichuna kwa hasira ya toba mpaka vichaka, wanasema, vilianza kurudi nyuma vikimwona. Gibson alikamua ng'ombe, ingawa ng'ombe yule hakupenda mikono ya seremala, akamkanyaga goti, lile lile la kuombewa. Benard, karani mwenzake kituoni, alimpimia Tecla jioni ili atoke mapema. Wilkista alikuja kila alipotoka zamu kiwandani, akavua viatu mlangoni, akawa ndiye Daktari Kepher, na alikuwa mkali kuliko Daktari mwenyewe.

"Umesema kazi igawanywe. Nani anagawa?"

"Meneja."

"Na kama meneja ndiye mchunaji, na ndiye mpishi, na ndiye karani? Sema, dada! Usiniangalie kama ng'ombe anaangalia treni."

"Wewe umewahi kuona ng'ombe akiangalia treni hapa Mogogosiek?"

"Ndio maana anashangaa! Jibu!"

Na Kogo alikaa mlangoni kama askari. Aliyekuja alirudishwa. Alimrudisha hadi mchungaji, kwa adabu, na kikombe cha chai mkononi. Tecla alikuwa akisikia nyumba yake mwenyewe ikiendeshwa bila yeye, ndoo, moto, vicheko vya chini chini vya watu wanaokatazana kucheka, na mara nyingi alilazimika kusimamisha kitabu ili machozi yasiongeze maji kwenye mistari. Hakuwahi kusoma akiwa ameketi tangu aanze digrii ile. Hakujua kiti kina raha hivyo.

Ijumaa Daktari Kepher alimkaribisha kiti kwanza. Dirisha lilikuwa wazi, na chini yake, kwenye nyasi, kibagenge kizima kilikuwa kimekaa kikijifanya kinangoja mtu mwingine.

Tecla alianza polepole. Alieleza jinsi kituo kinavyofurika jioni kwa kuwa wote wanaleta majani saa ile ile. Jinsi vijiji vingepewa saa tofauti. Jinsi majani yakilala kwenye gunia yanavyopata joto na kukataliwa. Jinsi mwenye shamba dogo anavyoweza kuchuna kwa vipande ili lisikomae lote siku moja. Alipofika katikati sauti ilikuwa imemkaa. Daktari aliuliza, akajibu. Akauliza tena, akakosea, akajirekebisha mwenyewe.

"La mwisho," alisema Daktari. "Hapa kwenu mna kibagenge. Umekisifu. Niambie kasoro yake."

Tecla alitazama dirisha. Vichwa vilivyokuwa vikinong'ona viliinuka kumsikiliza. Angeweza kusema kasoro ndogo, ya adabu, kama vile chakula kuwa kingi. Alimwona Kogo akitazama mikono yake. Na aliona pia kwamba wiki nzima wale watu walikuwa wamefanya kila kitu ili yeye aweze kusema anachojua, si anachoogopa.

"Kasoro yake ni kwamba kinakuja na nguvu kabla ya kuuliza," alisema. "Kikikosa kazi, kinatafuta, na kinaweza kuchuna kisichochunwa. Lakini kosa hilo lina wenyewe wawili. Mwenye nyumba anaona aibu kusema anataka nini na hataki nini. Mimi niliona aibu. Nilisema nimelemewa, sikusema nisaidiweje. Kwa hiyo kabla ya kugawa kazi, watu wakae kwanza, mwenye kazi aseme: hii ni yangu peke yangu, hii nishikieni. Wiki hii tumefanya hivyo. Kama si wao, Daktari, nisingekuwa kwenye kiti hiki. Kazi moja waliyoniachia ndiyo hii ya kukujibu, na wamezibeba nyingine zote."

"Kweli kabisa!" zilisema nyasi kwa sauti iliyovuka bonde.

"Johana!" Kogo alifoka.

"Dirisha lisijibu," alisema Daktari Kepher bila kugeuka. Aliandika kitu, akakizungushia duara, akaisukuma karatasi. "Kumi na tano. Kanuni imenifunga mkono hapo, na leo imeniudhi kidogo. Nenda ukajitayarishe kwa mtihani."

Tecla alitoka nje. Walisimama wote, wakipangusa nyasi, wakimsoma uso. Aliinua vidole: kumi, kisha tano. Wilkista alipiga kigelegele cha kwao, wanafunzi wa vyumba vya jirani wakatoka kuuliza nani ameoa.

Mzee Johana alikunja uso akipiga hesabu. "Ngojeni. Sisi watu kumi na mmoja, pamoja na kidole cha Kogo, tulipata sifuri."

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe peke yako, kwa mdomo tu, bila hata kalamu, kumi na tano."

"Ndiyo."

"Basi huyo Daktari anajua kusahihisha," alisema Mzee Johana, na kuanzia siku hiyo hakuruhusu mtu amseme vibaya Daktari Kepher popote Konoin.

Tecla alikaa mtihani wiki tatu baadaye akapita, si kwa kishindo, lakini alipita. Ila siku ile, pale kwenye nyasi, mtihani ulikuwa bado mbali. Alimshika kila mmoja mkono kwa mikono miwili, akianza na Gibson aliyekuwa akichechemea. Wa mwisho alikuwa Kogo. Kogo hakungoja. Alimwekea mursik kwenye kifuniko cha kibuyu, akamshikia mgongo, akamwambia anywe, kwa maana mtu aliyetoka kusukuma haulizwi habari kabla hajatia kitu tumboni.